Mwanya wa Mama Shija

Tangu nistaafu nimegundua kwamba mstaafu haulizwi kitu mpaka kitu kiwe kimeharibika, au kiko njiani kuharibika. Juzi mmoja wenu, binti mwenye adabu zake, alinipigia simu kutoka Geita. "Shikamoo Mama Limbu. Nina mgonjwa amepoteza jino moja la mbele. Tumpe lipi?" Nikamuuliza mgonjwa mwenyewe anataka nini. Hajamuuliza. Nikamuuliza huyo mtu akicheka anafananaje. Akasema anaweza kunitumia picha ya eksirei.

Nikamwambia asubiri. Nimeona niwaandikie wote kwa pamoja, nyinyi vijana mnaoanza kazi ya kutengeneza meno bandia, maana nikianza kuwajibu mmoja mmoja nitamaliza bando na pumzi. Msiponisikiliza ni shauri yenu.

Kwa wasionijua, mimi ni fundi wa meno. Si daktari. Daktari ndiye anayeng'oa, anayechonga na anayepewa kiti kwenye harusi za wagonjwa. Fundi ni yule wa chumba cha nyuma, mwenye plasta kwenye nywele na nta chini ya kucha. Mgonjwa akipendeza, amependezeshwa na daktari. Jino likivunjika, fundi ni nani, aitwe! Nimekaa chumba cha nyuma zaidi ya miaka thelathini, kwanza Shinyanga mjini, halafu Kahama, kwenye kliniki ya mtu binafsi pale Nyasubi.

Mtu aliyepoteza jino moja ana njia nne mbele yake, na kila njia ina mtu wa kuipigia debe.

Ya kwanza ni kuliacha pengo kama lilivyo. Hii hamtaisikia ikitajwa kliniki kwa sababu haina risiti. Lakini kuna watu wazima wenye akili timamu wanaoishi na pengo, wanakula, wanacheka, wanaoa. Wajibu wenu ni kumweleza mtu kwamba meno ya jirani yanaweza kulala kuelekea kwenye nafasi ile, na la taya ya pili likashuka au kupanda kwa kukosa wa kukutana naye. Ukishamweleza, mwache aamue.

Ya pili ni jino la kuvua na kuvaa. Unatengeneza kibamba chekundu kinachokaa kwenye paa la mdomo, na jino limepandwa juu yake. Ni rahisi, halimgusi jirani, na likivunjika linaungwa. Watu wanalidharau kwa sababu wamewaona babu zao wakilivua mezani. Mimi kasoro yake ninayoijua zaidi ni nyingine. Palikuwa na dalali mmoja wa almasi kutoka Maganzo, mtu mwenye maneno matamu, ambaye nilipomjaribisha kibamba chake aliinama akaniambia polepole, "Mayu, mama yangu, hapa juu niachie nafasi kidogo." Nikamwambia kibamba kikiacha nafasi kitacheza, chakula kitaingia. "Si ya chakula," akasema, "nafasi ya punje moja tu." Nilimtengenezea kikabana kabisa. Baada ya wiki mbili akarudi nacho kimepasuka katikati, amekichimba mwenyewe kwa tupa. Nilikiunga bila kumuuliza punje iko wapi, na sitaki mniulize nyinyi.

Ya tatu ni daraja. Jina zuri, linapendwa sana. Meno mawili ya jirani, yasiyo na kosa lolote, yanachongwa pande zote mpaka yanabaki visiki, halafu yanavishwa kofia, na jino bandia linaning'inia katikati limeunganishwa nayo. Halivuliwi. Mgonjwa anasahau kama ana jino bandia. Visiki havisahau, lakini visiki haviongei.

Ya nne ni kupandikiza: skurubu inafungwa kwenye mfupa wa taya, inaachwa ishikane na mfupa miezi kadhaa, halafu jino linafungwa juu yake. Kazi safi, jirani haguswi. Wakati wangu ilikuwa mpaka Mwanza, na uvumilivu wake watu wa kwetu hawakuwa nao. Mtu anayeingia kwenye duara, shimo la dhahabu, asubuhi akitumaini kutoka tajiri jioni hutamwambia asubiri mfupa.

Sasa, aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Luhende wa Shinyanga, mkali, mwenye kukohoa, ambaye hakuwahi kunisifia hata mara moja. Alikuwa na tabia iliyonichosha. Kabla hajagusa plasta, mgonjwa wa jino la mbele alirudishwa nyumbani kuleta picha ya zamani ambayo amecheka. Watu walitembea maili wakarudi na kitambulisho. "Hii ni ya polisi," Mzee Luhende anasema, "nani anacheka mbele ya serikali? Leta ya harusi." Wengine hawakurudi kabisa. Nilipohamia Kahama niliiacha tabia hiyo siku ya kwanza. Tulikuwa na kadi ya kulinganisha rangi za meno, tulikuwa na vitabu vya picha kutoka nje vyenye meno yaliyopangwa kama vigae, tulikuwa na foleni. Picha ya harusi ya nini?

Ndipo alipokuja Mama Shija.

Alikuwa anauza mchele sokoni Nyasubi, mwanamke wa miaka thelathini hivi, mwenye mtoto anayeitwa Shija. Aliteleza kwenye tope msimu wa mvua akaangukia mizani yake mwenyewe. Jino la mbele la juu, upande wa kulia, likakatika ndani ya fizi, likang'olewa. Alikuja akiwa amefunika mdomo kwa khanga, na mumewe yuko mbele yake.

Baba Shija ndiye aliyeongea. Alikuwa mchimbaji kule Kharumwa, na wiki ile duara lao lilikuwa limetema dhahabu. Mtu ambaye duara limetema humjui kwa nguo, maana nguo zake bado zina vumbi. Unamjua kwa sauti.

"Daktari, nataka la kudumu," akasema kabla hajaketi. "Hayo ya kuvua sitaki kuyasikia. Nikiamka nikute meno ya mke wangu kwenye glasi, si nitadhani nimelala na bibi yangu?"

Daktari wetu akacheka. Alikuwa kijana mwenye mikono mizuri sana na masikio yasiyo na kazi. Akaanza kueleza habari za daraja, akimwelekea Baba Shija, akachora na picha kwenye karatasi. Mama Shija alikuwa pembeni na khanga yake mdomoni.

Baba Shija akaingiza mkono mfukoni, akatoa kikaratasi cha daftari, akakikunjua mezani. Ndani palikuwa na kipande cha dhahabu, kimetoka kuchomwa, bado kina vitundu. "Na mtumie hii. Ya kwangu mwenyewe. Nataka akicheka sokoni wajue anatoka nyumba gani."

Mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa wazi, kama siku zote. Niliposikia dhahabu nikatoka. Nikamwambia, "Baba Shija, hiyo imechomwa na zebaki, huwezi kujua imebaki kiasi gani ndani. Huwezi kumwekea mtu mdomoni. Na hata ikisafishwa ni laini, ataitafunia ugali, nyama itaikunja."

"Gete?" akasema, kama nimemtukania mama yake.

"Kweli kabisa."

Akaikunja dhahabu yake kwa huzuni. "Basi weka jeupe. Lakini yang'ae yote."

Nikarudi chumba cha nyuma nikijisikia shujaa. Nilikuwa nimeokoa mdomo wa mtu na zebaki! Siku ile ile daktari alichonga jino la mbele la kushoto la Mama Shija, na lile dogo la kulia linalofuata pengo. Akachukua kipimo cha kinywa, akaniletea.

Hapa ndipo mnisikilize, maana hapa ndipo kazi ilipo. Nilimwaga plasta kwenye kipimo, ikakauka, nikawa na meno ya Mama Shija mezani. Nikapima. Nilikuwa pia na kipimo kilichochukuliwa kabla ya kuchonga, kwa hiyo nililijua lile jino la kushoto lilivyokuwa, na meno mawili ya mbele ni pacha, ukijua moja umelijua la pili. Nafasi ilikuwa pana kuliko jino. Ilizidi kwa upana wa njiti moja ya kiberiti.

Nikafikiri, aa, meno yamesogea. Vitabu vinasema meno ya jirani husogea. Nikaridhika kabisa na jibu langu. Sasa nawauliza nyinyi: meno ya jirani yakisogea yanaenda wapi? Yanaenda kwenye pengo. Yanalipunguza. Hakuna jino duniani linalosogea likapanua pengo kwa heshima ya marehemu. Nafasi ikizidi jino, maana yake hata jino lilipokuwepo nafasi ilikuwepo. Mtoto wa darasa la pili angeliona hilo. Mimi, fundi mwenye kula chumvi nyingi, nikaichukua ile ziada nikaigawa kidogo kidogo kwenye meno yote matatu, nikayanenepesha yakabanana vizuri bila upenyo hata wa uzi.

Na yalipendeza! Nilipiga picha kwa simu, nikaituma kwa mafundi wenzangu Mwanza, wakanijibu kwa vidole gumba. Siku ya kuligandisha daraja mdomoni nilikwenda mwenyewe kushika kioo. Mama Shija akaondoa khanga, akajitazama. Akajitazama tena. Baba Shija akapiga makofi. "Umeona? Kama mtangazaji wa televisheni!" Mama Shija akasema, "Asante, mama," akarudisha khanga mdomoni. Nikadhani ni mazoea.

Baada ya miezi miwili alirudi, safari hii na mama yake mzazi, aliyetoka Ushirombo kumtembelea. Mama yule alikuwa mwembamba, rozari shingoni, hatua zake za haraka. Nikamwamkia, "Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye fundi?"

"Ndiyo, mama."

Akafungua mdomo wake mbele yangu, karibu kabisa, akanionyesha meno. "Unaona nini?"

Nikaona. Katikati ya meno yake mawili ya juu palikuwa na mwanya, safi, umenyooka, wa upana wa njiti moja ya kiberiti.

"Mwanya, mama," nikasema.

"Nimeupata kwa mama yangu. Huyu naye alipoota meno ya ukubwa ukatokea, nikapiga vigelegele mpaka majirani wakaja. Nimezaa saba, huyu peke yake ndiye aliyeuchukua." Akamgeukia binti yake. "Ondoa hiyo khanga." Mama Shija akaondoa. "Sasa niambie, fundi. Mwanya wa mwanangu umeuweka wapi?"

Vijana, niliwahi kutukanwa na wachimbaji, madalali na mchungaji mmoja. Hakuna tusi lililowahi kunikaa hivyo.

Mama Shija ndiye aliyeongea baada ya hapo, na ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuisikia sauti yake vizuri. "Sokoni walikuwa wananiita Mama Mwanya. Mtu anatoka Isaka anaulizia Mama Mwanya. Sasa nikimchekea mteja ananiuliza, dada yako aliyekuwa anauza hapa amehamia wapi? Mama, hata Baba Shija aliponiona mara ya kwanza ni mwanya ndio aliousifia. Kasahau. Anasema meno ni meno."

Nikamwuliza Baba Shija yuko wapi. Akasema duara limejaa maji na wenzake wamegombana, yuko kule kule anavuta maji kwa pampu ya kukodi. Sauti yake nadhani ilikuwa imeshuka.

Daktari alipoitwa alisema neno moja ambalo madaktari wanalipenda: "Kitaalamu." Kitaalamu daraja halikuwa na tatizo. Kitaalamu liko imara. Mama mzee akamwambia, "Basi livae wewe." Daktari akakumbuka ana mgonjwa.

Nikamchukua Mama Shija na mama yake nikawaingiza chumba cha nyuma, mahali ambapo mgonjwa haingii, nikawatafutia viti. Nikampangia vitu mezani: kibamba cha mfano, daraja la mfano, skurubu ya maonyesho. Akavishika kimoja kimoja, akavigeuza, akauliza. Aliuliza kama daraja haliwezi kukatwa tu pale katikati ya meno mawili ya mbele. Nikamweleza kwamba pale katikati ndipo linaposhikana; nikilikata, jino bandia litaning'inia kwenye lile dogo la pembeni lenye mzizi mwembamba, na siku moja litaondoka nalo. Akauliza kama meno yaliyochongwa yataota. Nikasema hayaoti.

"Kabisa?"

"Kabisa, mwanangu."

Akaliweka chini daraja la mfano. Halafu akauliza swali ambalo kliniki nzima haikuwa imeliuliza. "Katika hizi, ipi inaweza kuacha mwanya?"

Ni mbili. Kupandikiza, na jino la kuvua. Kupandikiza kulihitaji Mwanza na miezi ya kungoja, na pia mume mwenye duara linalotema. Mama Shija akachukua kibamba cha mfano, akakiweka kiganjani. "Nitavua, nitaosha, nitavaa. Nimelea watoto wanne, kuosha kitu kimoja kutanishinda?" Basi ikawa hivyo. Daraja lilikatwa likatolewa. Visiki viwili vilivishwa kofia kila kimoja peke yake, maana haviwezi tena kukaa wazi maisha yake yote. Na katikati nikamtengenezea jino la kuvua.

Jambo moja la ufundi, na mliandike. Jino likiwa bado limeshikiliwa na nta, linasogea. Msimpangie mtu mwanya kwa rula. Nilimpa Mama Shija kioo, nikaipasha nta joto kidogo, nikamwambia alisogeze mwenyewe kwa kidole. Mama yake aliketi mbele yake ametoa meno, bila kupepesa macho, ili binti atazamie pale. Walisogeza, wakacheka, wakasogeza tena, mama akasema "umepitiliza, hapo utapita ng'ombe," wakarudisha. Tulifanya hivyo asubuhi nzima, na sijawahi kufanya kazi nzuri zaidi ya ile. Kazi ile haikuwa ya mkono wangu.

Siku ya kuchukua alikuja peke yake. Akavaa, akajitazama, akacheka kwa sauti hadi watu wa mapokezi wakageuka. Khanga ilikuwa begani. Nikamwonyesha jinsi ya kulivua na kulisafisha kwa mswaki, na nikamkataza kuliweka kwenye maji ya moto. Alipomaliza kuvaa viatu hakuondoka.

"Mama Limbu, hili la kuvua. Siku ile ya kwanza lilikuwepo?"

"Lilikuwepo."

"Lingehitaji kunichonga meno?"

"Hapana."

"Sasa mbona hukusema?"

Nikamwambia nilikuwa chumba cha nyuma. Ndilo jibu la mafundi wote, mtalitumia sana. Akanitazama bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

"Kwenye dhahabu ulitoka," akasema.

Akafunga begi lake, akafika mlangoni, akageuka kama mtu aliyekumbuka kununua chumvi. "Na hao wengine uliowatengenezea haya ya daraja, walikuwa wote hawana mwanya?"

"Sijui," nikasema.

"Hukuwauliza."

"Sikuwauliza."

Akaniaga kwa adabu, akaenda sokoni.

Fundi hatupi plasta za wagonjwa wake. Zilikuwa juu kwenye rafu, za miaka yote ya Kahama, vinywa vya watu vimepangwa kwa majina na vumbi juu yake. Niliburuta kiti, nikapanda, nikashusha ya kwanza ya jino la mbele niliyoikuta. Mwalimu mmoja wa kike, namkumbuka, alikuwa mpole, alisema asante akaondoka haraka. Nikapima jino, nikapima na pengo. Nafasi ilikuwa imezidi.

Nikashusha ya pili.